Neno Refu Lisitutishe

Kuna neno la Kiingereza ambalo likitokea katika kitabu cha uraia, msomaji husita, darasa huangua kicheko, na aliyekuwa akisoma huketi kimya hata mwisho wa kipindi. Neno lenyewe ni "unconstitutionally", yaani kwa njia iliyo kinyume cha katiba. Nathubutu kusema kwamba anayechekwa na wanaomcheka wote wana haja ya somo moja, nalo ni kulipasua neno.

Neno hupasuliwa kwa njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakotupoteza. Njia ya kwanza ni ya ulimi, yaani silabi: un-con-sti-tu-tion-al-ly, saba kamili. Sisi tuliolelewa na Kiswahili twapenda kutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo katika "kitabu" au "mwalimu". Mwingereza hafanyi hivyo. Mkazo wake mkuu huangukia "tu", silabi ya nne. Tena ipo kanuni rahisi: panapo "-tion", mkazo hukaa katika silabi iliyoitangulia, na kuongeza "-al" na "-ly" hakuuhamishi. Tazama "education", "educational", "educationally": mkazo ni pale pale. Mwenye kuishika kanuni hii amekwisha kujipatia maneno mengi kwa mara moja.

Hiyo "-tion" hata wenyewe hawakuigawa namna moja. Thomas Dilworth, ambaye kitabu chake cha tahajia kilitolewa London mwaka 1740, aliikata mara mbili, "ti-on". Mmarekani Noah Webster, katika kitabu chake cha mwaka 1783, aliifanya silabi moja, kwa kuwa ndivyo watu walivyotamka. Ikiwa mabingwa walihitilafiana, mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka juzi tu shule ya msingi achekwe kwa nini?

Njia ya pili ni ya ujenzi. Kutoka "constitute", yaani kuunda, twapata "constitution", kisha "constitutional", ndipo "un-" huja kukanusha, na "-ly" hufunga kazi. Basi "un-" hutamkwa kwanza lakini hujengwa baadaye, maana hakuna neno "unconstitution". Ujenzi huu ndio unaoeleza zile herufi mbili za l ambazo wengi wetu huandika moja: moja ni ya "-al", ya pili ni ya "-ly". ("Publicly" ni mkaidi, halina "-al", aliyelikosea mimi simlaumu.)

Ajabu ni kwamba ufundi huu tunao tangu utotoni. "Hawatakubaliana" lina silabi nane: ha-wa-ta-ku-ba-li-a-na. Kwa ujenzi, hata hivyo, ni ha-, wa-, -ta-, kubali, -an-, -a. Ile silabi "na" imekopa n kwa jirani. Mtoto asiyejua kusoma hulijenga neno hilo bila kusita. Wako wanaoamini kuwa Kiswahili hakina msaada katika kipindi cha Kiingereza, kwamba kazi yake ni kukiharibu tu. Siwaungi mkono hata kidogo.

Ningeomba walimu wetu waliandike neno refu ubaoni mara mbili, kwa silabi na kwa ujenzi, na kando yake neno moja la Kiswahili lililopasuliwa vivyo hivyo. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na ubao una nafasi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne