TUSIMCHEKE DAKTARI WA MIFUGO
Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule hii angependa kuwa nani maishani, atakwambia daktari, rubani au wakili. Mmoja akithubutu kusema kwamba anataka kusomea udaktari wa mifugo, darasa zima huangua kicheko. "Ati daktari wa ng'ombe!" Wengine hata huanza kulia kama ndama. Mimi nasema kicheko hicho ni cha kutojua. Katika vita dhidi ya saratani, huyo anayechekwa ni miongoni mwa waliotuonyesha mahali adui mmoja mkubwa alipojificha, na alikuwa amejificha ndani ya ghala zetu wenyewe.

Kwanza tuelewane. Simzungumzii yule anayekuja nyumbani na sindano ng'ombe akikataa kula, ingawa naye anastahili heshima yake. Namzungumzia mwanapatholojia wa mifugo. Kazi yake aghalabu huanza pale ambapo mwenzake ameshindwa na mnyama amekufa. Yeye huupasua mzoga, akalitazama ini, mapafu, figo na matumbo, kisha akakata kipande chembamba na kukichungulia kwa hadubini. Swali lake ni moja tu: ni nini kilichomwua huyu? Mfu hasemi, lakini ini lake lasema.

Mwaka wa 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza. Ugonjwa wenyewe haukujulikana, ukaitwa tu ugonjwa X wa bata mzinga. Madaktari wa mifugo walipowapasua walikuta maini yameharibika. Vifaranga vya bata navyo vikafa vivyo hivyo. Uchunguzi ukaelekea kwenye chakula, ikabainika kuwa ndege hao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Mwaka wa 1961 wanasayansi waligundua kwamba karanga hizo zilikuwa zimeota kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na kuvu hiyo ndiyo iliyotoa sumu. Sumu ikaitwa aflatoksini kutokana na jina la kuvu yenyewe. Panya waliolishwa mashudu hayo wakapata saratani ya ini. Tazameni basi! Jambo lililoanza kama hasara ya mfugaji likawa somo la saratani ya binadamu.

"Hayo ni ya Wazungu," utasema. Hasha! Wataalamu wawili, Peers na Linsell, walipima chakula cha watu wa Murang'a, hapa hapa Kenya, wakatoa matokeo yao mwaka wa 1973. Waliona kwamba watu wa sehemu za chini zenye joto walikula aflatoksini nyingi kuliko wale wa sehemu za juu zenye baridi, na saratani ya ini nayo ilizidi huko huko chini. Sumu hii ikiwa nyingi huua upesi. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua katika Makueni, Kitui na sehemu jirani kwa sababu ya mahindi yenye kuvu, na 125 kati yao wakafariki. Ikiwa kidogo kidogo kila siku, hulivizia ini mwaka baada ya mwaka.

Si hayo tu. Mwaka wa 1971, Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyetengeneza chanjo ya sotoka kule Muguga, aliandika pamoja na Linsell na Peers hao hao kuhusu saratani ya tumbo kwa ng'ombe wa bonde la Nasampolai, Narok. Sasa fikiria, ng'ombe havuti sigara wala hanywi chang'aa. Akishikwa na saratani, ni lazima tuulize juu ya majani aliyokula, maji aliyokunywa na mahali alipolala. Na mahali hapo si ndipo tunapoishi sisi pia?

Wako watakaosema, "Kwani pesa zitumiwe kupasua kuku waliokufa ilhali hospitali hazina mashine za kutosha za kutibu watu?" Wana haki ya kuuliza, maana aliye na mgonjwa wa saratani nyumbani anajua jinsi shamba linavyouzwa. Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Kuku na bata wanakula mahindi yale yale tunayokula, na maisha yao ni mafupi, kwa hivyo dalili huonekana kwao mapema. Asiyewasikiliza atangoja zamu yake.

Hata hivyo, nyumbani kwetu mambo ni vingine. Mahindi yakioza tunaambiwa, "Wapeni kuku," au "Mpeni ng'ombe." Jameni! Ng'ombe aliyekula mahindi hayo huitoa sumu hiyo katika maziwa yake, na kuyachemsha hakuiondoi. Hivyo tuliyemtupia ng'ombe ndicho tunachokunywa kwenye chai asubuhi. Najua mzazi mwenye ekari moja haoni rahisi kutupa gunia zima. Ndiyo maana dawa ni kuyakausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, kabla ya kuyaweka ghalani.

Nina maombi matatu. Wazazi wetu, kuku au ndama wakifa kwa wingi, msiwatupe kichakani wala msiwatie chunguni, bali mwiteni afisa wa mifugo. Serikali nayo ihakikishe kwamba afisa huyo ana mahali karibu pa kupeleka ini lile likachunguzwe, maana mara nyingi mzoga huoza kabla ya kufika maabara. Walimu wetu wapendwa, siku ya kutushauri kuhusu kazi, mkitaja udaktari wa watu, tajeni na ule unaofundishwa kule Kabete.

Nanyi wanafunzi wenzangu, kumbukeni kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwenzako akisema anataka kusomea mifugo, usicheke. Mwazime kitabu chako cha Biolojia.