Dola Inenayo kwa Mashairi

Riwaya ya A Memory Called Empire ya Arkady Martine ilitoka mwaka 2019, ikatwaa tuzo ya Hugo mwaka 2020, na hadi leo wasomaji wake hawajaacha kuzozana. Hilo si ajabu kwa kitabu kilichosifiwa sana. La ajabu ni kwamba mzozo wenyewe, ukishauchuja, unahusu ushairi: je, mashairi yana kazi gani katika kisa cha nyota na vyombo vya angani? Ndiyo maana naona mjadala huu unatuhusu sisi wa vina na mizani zaidi ya unavyowahusu wapenzi wa roketi.

Kisa, kwa ufupi, ni hiki. Mahit Dzmare ni balozi kijana atokaye Lsel, kituo kinachoelea angani chenye watu wapatao 30,000, kisicho na udongo wala mbingu yake. Anatumwa katika jiji kuu la dola ya Teixcalaan kushika nafasi ya balozi aliyemtangulia, Yskandr Aghavn, na afikapo anaonyeshwa maiti ya Yskandr. Nyuma ya fuvu lake Mahit amepachikwa kidude kiitwacho imago. Kwa vidude hivyo watu wa Lsel huhifadhi kumbukumbu na nafsi za waliotangulia, ili warithi wao wasianze kazi mikono mitupu. Lakini imago aliyopewa Mahit ni ya miaka 15 iliyopita, na inapoiona maiti ya mwenyewe, inanyamaza. Mahit anabaki peke yake katika jiji la watu, hajui nani kaua wala kwa sababu gani, na dola ile ile aliyotumwa kuisihi inajiandaa kuimeza Lsel.

Lalamiko lisikikalo zaidi ni kwamba riwaya inajikokota. Aina hii ya hadithi huitwa opera ya angani, jina lililotungwa kwa kejeli na Mmarekani Wilson Tucker mwaka 1941, na wasomaji wake wamezoea majeshi ya vyombo vikubwa yakipambana kati ya sayari. Hapa wanakutana na karamu, barua, makarani na mazungumzo ya vyumbani. Msomaji mmoja atasema kwamba kurasa mia mbili zimepita na hakuna hata kombora moja lililorushwa, mwingine atakiri kwamba kila alipoona mistari ya shairi aliiruka ili awahi kujua muuaji ni nani.

Huyo wa pili, kwa maoni yangu, ameruka vita vyenyewe. Katika Teixcalaan shairi si pambo la karamu. Barua za wakubwa hufungwa kwa fumbo ambalo ufunguo wake ni ubeti unaojulikana na waliosoma, na asiyejua mashairi yanayosomwa msimu ule hawezi hata kusoma barua zake mwenyewe. Ukumbini mwa mfalme, ubeti mfupi mmoja, uliosomwa mbele ya watu wanaojua kusikiliza, unatosha kubadilisha hewa ya chumba, kwa kuwa kila mmoja ameelewa nani kaguswa na suala la urithi wa kiti limeingiaje. Na wahusika wakuu wanapozuiliwa ofisini bila njia ya kuomba msaada, wanatunga shairi na kulitoa hadharani, wasomwe na wote na waeleweke na mmoja. Hebu fikirini: ni wapi katika riwaya za aina hii mmeona wafungwa wakijiokoa kwa kutunga?

Kwa msomaji aliyelelewa katika Kiswahili hayo si ndoto za mbinguni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga wakati Wamazrui wakishindana na Lamu na kisha na Seyyid Said, na beti zake zilikwenda na kurudi baina ya miji kama risasi. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972, alimwandika mamba, na kila aliyelisoma shairi hilo katika Sauti ya Dhiki alijua kwamba mamba huyo hakai mtoni. Kwa hiyo msomaji wa ng'ambo anapolalamika kwamba haamini serikali inaweza kutetemeshwa na ubeti, nadhani analalamika juu ya nchi yake. Huko kwao shairi lilikwisha kupelekwa darasani kitambo.

Lalamiko la majina nalipita haraka, ingawa limenifurahisha. Raia wa Teixcalaan huitwa kwa tarakimu na kitu: Three Seagrass, Nineteen Adze, Six Direction. Wasomaji kadhaa wameyaona ni ya kipuuzi, hata yakawatoa katika kisa. Yaweke katika Kiswahili uone. Tatu Mwani ni jina ambalo mwanamke wa Paje angeweza kuitwa bila mtu kugeuka kumtazama. Tatu tunaye, na mwani anaulima. Kumi na Tisa Tezo ni jina linalotisha kwa fundi yeyote aliyewahi kuchonga ubao wa jahazi. Sisi wenye akina Chausiku, Shida, Masika na Sikujua hatuna haki ya kucheka. Na riwaya yenyewe inajua mzaha wake: inamtaja mhamiaji aliyetaka kuwa raia kamili akajichagulia jina la Thelathini na Sita Gari la Tundra, nao wenyeji wakavunjika mbavu. Kanuni aliifuata barabara, tarakimu ipo na kitu kipo. Alichokosa ni sikio. Nani kati yetu hajawahi kumsikia mwanafunzi wa Kiswahili akisema sentensi isiyo na kosa hata moja, ambayo hakuna Mswahili angeisema?

Lalamiko zito liko kwingine, na wapenzi wa kitabu hiki hulikwepa. Tunaambiwa kwamba shairi fulani limeunyamazisha ukumbi. Tunaambiwa kwamba mpangilio wa sauti zake ulikuwa wa kustaajabisha, kwamba dokezo lake lilirudi hadi kwenye tenzi za kale za dola. Kisha tunapewa mistari miwili mitatu ya Kiingereza huru, isiyo na urari wowote wa kuhesabika, na hadithi inaendelea. Mizani zinatajwa bila kuhesabika, na vina vinasifiwa bila kusikika.

Watetezi husema kwamba tunasikia kwa masikio ya Mahit, na kwamba nguvu ya ushairi wa Teixcalaan iko katika madokezo, yaani kila mstari unakumbusha mstari mwingine ambao wasikilizaji wanaujua kwa moyo. Sisi wasomaji hatuna kumbukumbu hiyo, kwa hiyo shairi zima lingetupita. Utetezi huo una nguvu. Tena unafaa kwa riwaya ambayo mada yake ni kumbukumbu: dola ina tenzi zake, Lsel ina vidude vyake, na kila upande unawaona wenzao wana njia ya ajabu ya kukaa na wafu. Hata hivyo haunitoshi. Katika ngoma ya kujibizana, malenga akisimama na kueleza jinsi shairi lake lilivyo zuri badala ya kulighani, atazomewa, na atastahili. Pale penye shindano la ukumbini nilitaka shairi moja zima, lenye mwanzo na tamati, hata kama lingekuwa na ila. Shairi lenye ila lingenishawishi zaidi kuliko sifa za shairi nisiloliona.

Nasikitika zaidi kwa kuwa mwandishi hakukosa vifaa. Martine ni mwanahistoria wa Bizanti, dola ya Warumi wa mashariki, na dola hiyo ilikuwa na bahari yake maarufu ya ushairi: mshororo wa mizani 15, ukiwa na kituo baada ya ya 8, hivi kwamba ukwapi una 8 na utao una 7. Mtunzi wa shairi la 8 kwa 8 anausikia mshororo huo kama wa jirani aliyepungukiwa na mizani moja. Tena jirani huyo tunamfahamu tangu zamani. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, na Herekali huyo ni mfalme wa Bizanti, Heraclius. Mojawapo ya tungo zetu kongwe zenye tarehe, yenye beti zaidi ya elfu moja, inasimulia vita dhidi ya dola ile ile iliyompa Martine kielelezo cha Teixcalaan. Mwengo aliitazama kutoka nje, kama adui. Martine anaitazama kutoka mahali pagumu zaidi, kwa jicho la mtu ambaye adui amemvutia.

Hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika kweli. Kitabu kimetabarukiwa wale waliowahi kuupenda utamaduni uliokuwa ukiumeza wao wenyewe, na Mahit ni mmoja wao. Tangu utotoni amehifadhi mashairi ya Teixcalaan. Anayatamani. Anaposimama ukumbini anajua kila dokezo, na papo hapo anajua kwamba hata akikaa miaka mia hatatunga kama mzaliwa. Wapo wasomaji wanaomwona msaliti: inakuwaje mtu aililie lugha ya wanaokuja kuitwaa nyumba yake? Wapo wanaosema mwandishi ameipamba dola mno, mpaka msomaji anasahau kwamba dhahabu ile imetoka mahali.

Mimi naona shutuma hiyo inataka riwaya iwe rahisi kuliko maisha. Mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru, Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mtu aliyeiondoa bendera ya Mwingereza alikaa usiku akitafuta neno la Kiswahili litakaloubeba mstari wa Mwingereza. Simwoni msaliti. Namwona mtu aliyependa kitu na akakataa kumilikiwa na wenye kitu hicho, na hiyo ndiyo njia ambayo Mahit anaitafuta kurasa zote.

Lakini kuna swali jingine, ambalo sijaona Waswahili wenzangu wakiliuliza kuhusu kitabu hiki. Tunakisoma tukijiweka upande wa Lsel, wadogo mbele ya Kiingereza. Je, tukikisomea Iringa, au kandokando ya Mto Tana? Katika lugha ya Teixcalaan neno la dunia, la jiji na la dola ni moja, na aliye nje ya jiji hana pengine pa kuwa. Sisi tuna uungwana, na baadaye tukapata ustaarabu, neno linalobeba Uarabu tumboni mwake. Na ng'ambo ya maneno hayo tukaweka ushenzi, tukawapa watu wa bara. Mtoto wa Kihehe au Kigogo anayetaka kuwa mshairi wa kusomwa na taifa anatunga kwa Kiswahili, anakipenda, anahesabu mizani vizuri kutushinda, na nyimbo za bibi yake zinabaki bila mrithi. Kwake yeye, sisi ndio ukumbi wa dhahabu. Wala dola za lugha hazisimami mahali pamoja: Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, Kiamu na Kimvita, vilivyobeba tenzi na mashairi kwa karne nzima, vikaitwa lahaja. Leo Mwengo anasomwa kwa msaada wa faharasa.

Kwa sababu hiyo ningependa kuiona riwaya hii katika Kiswahili, na ningependa mfasiri asifiche jambo hilo. Tenzi za dola aziweke katika mizani 8, vina vya mwisho viwe vile vile utenzi mzima, na kwenye shindano atunge yale mashairi ambayo Martine hakuyatunga. Kiteixcalaan kiwe Kiswahili cha juu kabisa. Vile vipande vichache vya lugha ya Lsel mimi ningeviandika kwa Kipokomo, ndugu wa damu wa Kiswahili, ili msomaji akaribie kuelewa na ashindwe kidogo.

Pagumu patakuwa pale Tatu Mwani anapomtania Mahit kwa neno ambalo dola huwaitia watu wote wasio wake, tena kwa mapenzi ya dhati. Mshenzi wangu? Nimelitamka kwa sauti mara kadhaa na halikubali kulainika. Mgeni wangu ni heshima tupu, halina jeraha. Mbara wangu linakaribia, kwa Mzanzibari hasa, lakini linamtaka msomaji ajue nani alikuwa akilisema, kwa nani, na mlango gani ulikuwa umefungwa.