Daftari la wiki: Saa zisizotaka hesabu

Ijumaa jioni ikifika, watu wengi siku hizi hufunga hesabu. Si za duka wala za kikoba, ni za nafsi: kurasa zilizosomwa, hatua zilizotembewa, maneno mapya ya Kifaransa, dakika za mazoezi, malengo yaliyotimia na yaliyokwama. Simu ni karani hodari wa shughuli hii, maana huhesabu hata mwenyewe alipoisahau mfukoni. Mtandao wa Goodreads humtaka msomaji ataje mwanzoni mwa mwaka idadi ya vitabu atakavyosoma, kisha humwarifu kwamba yuko nyuma kwa vitabu kadhaa, kama mwanachama wa kikoba aliyechelewesha marejesho. Daftari la wiki hii lina hoja moja tu, ingawa litapita chekechea, forodhani na madrasani kabla ya kuimaliza. Hesabu ni chombo cha kazi, na tunapoihamishia kwenye kusoma na hobi tunajipa kazi ya pili isiyo na mshahara wala likizo.

Tuanze na kazi yenyewe, ambayo inahesabika na inapaswa kuhesabika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Wiki nzima ina saa 168. Toa hizo 45, toa na 56 za kulala saa nane kila usiku, zinabaki 67. Kwenye karatasi ni utajiri. Mtu wa Mbagala au Kimara, jijini Dar es Salaam, anajua foleni inakula ngapi kati ya hizo, na mwanamke anayerudi kazini akakuta vyombo, nguo za shule na chakula cha jioni vinamngoja anajua kilichobaki baada ya foleni. (Vitabu vya kujiendeleza vinavyomhimiza msomaji aamke saa kumi alfajiri mara chache huuliza nani atapika uji.) Hata hivyo kikomo hicho cha sheria kina historia yake. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa nane kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na ulitanguliwa na miongo ya migomo. Wafanyakazi walikuwa wakidai pumziko, ila ndani ya dai hilo mlikuwa na jambo jingine: kwamba kuna saa ambazo msimamizi hana ruhusa ya kuuliza zimetumikaje. Karne moja baadaye tumeitwaa kofia ya msimamizi tukajivika wenyewe, na tunajiuliza kila Ijumaa.

Je, kuna ushahidi kwamba kujiuliza huko kunadhuru? Upo, na wa zamani kiasi. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti likichora. La pili lilichora bila ahadi yoyote, kisha likashtukizwa na cheti kilekile. La tatu halikuahidiwa wala halikupewa. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena mezani, safari hii kwa mtoto anayetaka tu. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa takriban nusu ya wenzao. Jaribio hili hutajwa sana, ila kundi la pili husahaulika, nalo ndilo lenye somo zuri zaidi: cheti cha kushtukiza hakikuwapunguzia watoto hamu. Zawadi yenyewe haikuwa na ubaya. Kilichoharibu mambo ni makubaliano ya awali, pale mtoto aliyekuwa akichora kwa kupenda alipoanza kuchora kwa kudai.

Mtu atasema hao ni watoto, na cheti ni hongo. Mwaka 2016 Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke alichapisha majaribio sita ambayo hayakuwa na hongo yoyote. Alitumia kipimo peke yake. Watu wazima walipaka picha rangi, walitembea, walisoma, na baadhi yao wakaonyeshwa idadi ya walichokifanya. Kipimo kiliongeza wingi, hilo tukubali waziwazi, na muuza saa za kuhesabu hatua hasemi uongo. Lakini waliopimwa walifurahia kidogo kuliko wasiopimwa, shughuli ikaanza kuonekana kwao kama kazi, na kipimo kilipoondoka hamu ya kuendelea ikapungua. Kwa hiyo swali si kama hesabu inaongeza kurasa. Inaongeza. Swali ni kurasa hizo zaidi zinanunuliwa kwa bei gani, na msomaji anabaki na nini siku simu ikizima chaji.

Sisi tuna jaribio letu wenyewe, kubwa kuliko la Stanford, ingawa hakuna aliyelipanga kama jaribio. Ni vitabu teule. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie vimepita mikononi mwa wanafunzi wengi mno wa sekondari Tanzania, na Kenya wamekuwa na Utengano, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri. Ni kazi zinazostahili kusomwa. Zimesomwa kwa dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, kwa majibu yanayokaririwa kutoka kwenye miongozo iliyouzwa pembeni, na siku ya mtihani ilipopita, riwaya na mwongozo vilitupwa pamoja. Silaumu mtihani: bila huo wengi wasingekutana na riwaya ya Kiswahili kabisa. Ninachosema ni kwamba shule ilitufundisha, bila kukusudia, kwamba kitabu ni kitu unachokimaliza ili ujibu maswali ya mtu. Mtu mzima anayejiwekea lengo la vitabu thelathini kwa mwaka, na kwa sababu hiyo akakwepa kitabu kinene na kuokota chembamba, bado yumo darasani. Kabadilisha msahihishaji tu.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni la nidhamu. Binadamu ni mvivu. Asipojibana hafiki popote. Waliofanya makubwa wote walikuwa na ratiba. Wakili bora wa hoja hii ni Mwingereza Arnold Bennett, ambaye mwaka 1908 alitoa kijitabu kuhusu namna ya kuishi kwa saa ishirini na nne za siku. Aliwalenga makarani wa London, watu wa treni ya asubuhi na treni ya jioni, naye aliwajua kwa sababu alianza maisha akiwa karani katika ofisi ya mawakili. Aliwashauri watenge dakika tisini, jioni tatu kwa wiki, kwa ajili ya kuikuza akili. Ni ushauri wa kiungwana na haujachakaa. Lakini wanaomnukuu huishia hapo. Bennett huyohuyo, karibu na mwisho wa kijitabu, anawaonya wasomaji wasije wakawa watumwa wa ratiba na wasije wakawa kero kwa wengine kwa majivuno ya muda wao. Tena katika shajara zake alihesabu maneno aliyoandika na fedha alizolipwa, na alikuwa na haki: uandishi ulikuwa ajira yake. Nidhamu ya kutenga muda ni kitu kimoja, na kupima kilichotoka ndani ya muda huo ni kingine. Ya kwanza ni kufunga mlango ili pasiingie mtu. Ya pili ni kumwingiza mkaguzi na kumpa kiti.

Sisi nasi tulikuwa na karani wetu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliajiriwa forodhani mwaka 1926 na akadumu huko hadi 1944. Kisha akapitia idara nyingine za serikali ya kikoloni, na mwishoni ofisi ya upimaji ardhi. Karibu maisha yake yote ya utu uzima aliyatumia kwenye meza ya mtu mwingine, akiandika barua za watu wengine. Sasa mpime kwa daftari la malengo. Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951, mwandishi akiwa amekwisha kupita miaka arobaini. Kufikirika kilichapishwa 1967 na Utubora Mkulima 1968, naye alifariki 1962. Ukitumia kipimo cha matokeo, kuna miaka mingi ambayo mtu huyu angejiandikia sifuri, na vitabu viwili ambavyo asingeviweka alama ya tiki kamwe. Sidai kwamba hakuwa na ratiba. Mtu hawezi kuacha kazi nyingi kiasi kile bila mpangilio. Nadai kwamba kilichomwendesha hakikuweza kuwa idadi, kwa sababu idadi ingemkatisha tamaa mapema. Na haikosi maana kwamba Utubora, mhusika aliyemuumba, ni karani anayeacha mshahara mzuri mjini na kwenda kulima Busutamu.

Mwalimu Nyerere ni mfano wa aina nyingine, wa hobi pembeni ya kazi kubwa. Alikuwa Rais alipotoa tafsiri za Shakespeare, ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na baada ya kung'atuka akazigeuza Injili kuwa tenzi. Alipenda bao pia. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mkongwe hukumbuka mechi za miaka iliyopita kwa namna zilivyochezwa, wakati kibarazani hakuna daftari la matokeo ya mwezi.

Pingamizi la pili linatoka mfukoni. Maisha yamepanda, mtu wa mshahara mmoja hana anasa ya hobi isiyoleta kitu, anayejua kupika keki auze keki, anayejua kupiga picha apige za harusi. Hapa sina ugomvi. Edward Saidi Tingatinga alipochora wanyama na ndege kwenye mbao za mraba kwa rangi ya baiskeli, na picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, alikuwa akitafuta riziki, na sanaa haikufa kwa hilo. Imebeba jina lake tangu alipofariki mwaka 1972. Biashara na ihesabiwe kama biashara, mapato na matumizi, faida na hasara. Ninayemhurumia ni yule wa katikati, ambaye hobi yake haimwingizii hata shilingi na bado anaisimamia kama kiwanda: hana fedha ya mfanyabiashara wala raha ya mcheza bao. Mtu anaweza kunikumbusha Muhammed Said Abdulla, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya hadithi ya 1957–58, na kuuliza kama tuzo ile haikuwa cheti cha Stanford. Ingekuwa hivyo kama Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, angefia pale tuzo ilipotolewa. Lakini mwandishi, ambaye kwa miaka kadhaa iliyofuata alikuwa mhariri wa jarida la kilimo, aliendelea kumwandika mpelelezi wake hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Tuzo ilimkuta njiani.

Kuna pingamizi la tatu ambalo linanilazimu kupunguza sauti. Yako mambo ya kujifunza ambayo bila kipimo hayaendi. Mwanafunzi wa hifdhi, yaani wa kuhifadhi Kurani kichwani, hupanda juzuu kwa juzuu hadi thelathini, na mwanafunzi wa lugha ngeni lazima ajue msamiati wake umefika wapi. Kweli. Lakini tazama hifdhi inavyopimwa. Mwalimu hukaa akasikiliza. Anayesema amemaliza juzuu tano husomeshwa kutoka mahali popote ndani ya hizo tano, na akikwama hurudi. Kipimo kinagusa kitu chenyewe, mbele ya mtu anayekijua, na kina mwisho. Idadi ya vitabu vilivyomalizwa haigusi kitu: inaweza kupanda hadi hamsini bila wazo hata moja kuhama kichwani, na haina juzuu ya thelathini ya kufikia, kwani mwaka ujao huanza upya kwenye sifuri.

Basi daftari la wiki liandikwe nini, kama si idadi? Shaaban Robert ametuachia kielelezo bila kukusudia. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, zilikuja kuchapishwa mwaka 2002. Zina mambo ya kazi, ya familia na ya uandishi, na zina kitu ambacho programu ya simu haina: msomaji mmoja anayemjua mwandishi na anayeweza kujibu kwamba hapa umejidanganya. Daftari linaloandikwa kana kwamba linamwendea mtu wa namna hiyo hujaa vitu vingine kabisa. Kitabu kilichoachwa ukurasa wa arobaini, na sababu. Jambo la kazini ambalo wiki iliyopita lilionekana dhuluma na sasa linaonekana uzembe wa wote wawili. Swali ambalo mwandishi fulani ameliuliza na halijajibika. Watakaosema kwamba hayo nayo yanaweza kugeuka maonyesho wamesema kweli, hasa yakibandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Ndiyo maana ni bora msomaji awe mmoja, na awe mtu asiyeogopa kunyamaza asipoona la kusifu. Tarehe ninayoikubali katika daftari la namna hiyo ni ya kurudisha kitabu cha kuazima, maana mwenyewe anakihitaji.