Tulitundika Shuka, Tukaonana

Mpenzi msomaji, kama mwenzio yuko mbali kikazi, ya mwezi huu ni yako.

Mimi nafanya kazi Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, Tabora. Mchumba wangu yuko Dar. Likizo iliyopita alikuja na filamu ya Kifaransa ya mwaka 1964, Les Parapluies de Cherbourg, ya Jacques Demy. Tukaazima projekta kwa jamaa anayepiga video za harusi, tukatundika shuka jeupe ukutani. Giza lilipoingia tukakaa uani na majirani.

Weee! Filamu nzima wanaimba. Hata wa kituo cha mafuta akiuliza unataka mafuta gani, anaimba! Tulicheka. Kisha kicheko kikaisha.

Geneviève, yaani Catherine Deneuve, anampenda Guy, fundi magari. Guy anachukuliwa jeshini miaka miwili, vita vya Algeria. Barua zinakuwa haba. Binti ni mjamzito, anaolewa na mfanyabiashara wa vito. Hakuna aliyegombana na mwenzie. Ni ukimya tu.

Kwenye simu ningeshajibu meseji tatu. Lakini pale ukutani uso wa Deneuve ulikuwa mkubwa kuliko mlango wangu. Unakimbilia wapi?

Jirani yangu, mama wa Kinyamwezi, alitikisa kichwa. "Wanangu, babu zetu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wake wakabaki na mashamba. Msimseme huyu binti. Njaa ya habari nayo ni njaa."

Mwishoni wanakutana kwa bahati kituo cha mafuta, theluji inaanguka, kila mmoja na ndoa yake. Mtoto wao yumo garini. Guy anaulizwa kama anataka kumwona. Anakataa.

Majirani walipoondoka, mchumba wangu akauliza taratibu, "Ile fomu ya uhamisho umeijaza?"

Miezi minne ilikuwa kwenye droo. Kila akiuliza nilisema inashughulikiwa. Ukweli? Naipenda kazi yangu huku. Nikamwambia.

Alikaa kimya muda mrefu, anakunja shuka. "Afadhali nimesikia kwako," akasema.

Nani amfuate nani, bado hatujaamua. Ila sasa tunabishana juu ya jambo la kweli.

Na wewe, nini kiko kwenye droo yako? Zimeni simu, tundikeni shuka. Tukutane toleo lijalo.