Afya ya Nyumba Zetu: Saa Ihesabuyo Hatua, Manufaa Yake na Upungufu Wake



Zamani saa ya mkono ilikuwa na kazi moja, nayo ni kumjulisha mtu wakati. Siku hizi zimetokea saa za namna nyingine, ambazo wauzaji waziita saa janja. Hizi humhesabia mvaaji hatua zake, humpimia mapigo ya moyo, humwambia amelala kwa muda gani, na humletea habari zilizoingia katika simu yake. Vijana wetu wazivaa, na jamaa zetu walioko Ghuba wazileta nyumbani ziwe zawadi kwa wazee. Maadamu zimekwisha ingia majumbani mwetu, imetupasa tueleze lililo jema ndani yake na lililo pungufu, ili mwenye kununua anunue kwa kujua, na mwenye kupewa avae kwa kujua.

Na tuchukue mfano wa saa moja ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Iko saa iitwayo Garmin Forerunner 55, iliyotolewa mwaka 2021 kwa ajili ya watu wapendao kukimbia. Uzito wake ni gramu 37, basi mvaaji haihisi mkononi. Haiendeshwi kwa kugusa kioo kama simu, bali ina vitufe 5, na hili lamfaa mwenye vidole vya jasho. Kioo chake husomeka vyema juani. Betri yake, kwa maelezo ya watengenezaji, huweza kukaa hadi wiki 2 kwa matumizi ya kawaida, na hadi saa 20 ikiwa yafuata njia ya mkimbiaji kwa setilaiti. Saa ya kwanza ya Apple, iliyouzwa mwaka 2015, ilikadiriwa betri ya saa 18 tu. Katika nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara, tofauti hii si ndogo.

Ama upungufu wake, saa hii haina spika wala maikrofoni, kwa hiyo mtu hawezi kuzungumza kwayo. Haipimi oksijeni ya damu, wala haichori mwenendo wa umeme wa moyo kama zifanyavyo baadhi ya saa nyingine. Sisi hatuoni kuwa ni aibu kwa chombo kutodai kazi isiyo yake. Aibu ni kinyume cha hivyo, kama tutakavyoona.

Yafaa kwanza tujue saa hizi zapata wapi habari zake. Hatua huhesabiwa kwa kifaa kidogo kilichomo ndani kinachohisi mtikiso wa mkono. Kwa hiyo mtu anayesukuma mkokoteni, mikono yake imetulia juu ya mpini, huenda akatembea mbali asihesabiwe sawasawa. Na mama aliyekaa akikuna nazi huenda akahesabiwa hatua ambazo hakuzitembea. Mapigo ya moyo nayo hupimwa kwa mwanga wa kijani utokao chini ya saa na kuingia katika ngozi. Damu hunyonya mwanga huo, na kila moyo unapopiga damu huzidi kidogo katika mishipa. Saa huhesabu kuzidi huko na kupungua kwake. Mkanda ukilegea, au mkono ukitikisika sana, hesabu huharibika.

Sisi wenye kusomesha watoto twamjua mwanafunzi aliyehifadhi sura kumi kwa utimilifu. Akisomeshwa hizo, hatikisiki. Akiulizwa ya kumi na moja, kwa kuona haya kunyamaza, hubuni, na hubuni kwa sauti ile ile ya uhakika. Mwalimu asiyemjua atadanganyika. Hivyo ndivyo zilivyo saa hizi: yako mambo ziyapimayo, na yako mambo zikisiayo, na yote mawili huyaandika kiooni kwa tarakimu za namna moja.

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walijaribu vyombo 7 vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Saa tuliyoitaja ilikuwa haijatengenezwa bado, lakini njia ya upimaji ni ile ile. Katika mapigo ya moyo, vyombo 6 kati ya 7 vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Na hii ni kazi njema. Lakini katika kuhesabu nguvu ambayo mwili umeitumia, ile iitwayo kalori, hata chombo kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichokuwa dhaifu kwa asilimia 93. Basi mtu asile vitumbua vitano kwa kuwa saa imemwambia amekwisha viunguza njiani.

Wako pia wadhanio kuwa kuivaa tu kutawapunguzia uzito. Mwaka 2016 ulitangazwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh juu ya vijana 471 wenye uzito uliozidi, waliofuatwa kwa miaka 2. Wote walipewa mafunzo ya chakula na mazoezi, kisha baadhi yao wakavishwa chombo cha kupima mwendo. Waliovaa walipungua kilo 3.5 kwa wastani. Wasiovaa walipungua kilo 5.9. Hatusemi kuwa chombo humnenepesha mtu. Twasema kuwa hakishiki mahali pa azma yake.

Hali kadhalika, watu wengi wahuzunika jioni kwa kuwa hawakutimiza hatua 10,000. Na wajue asili ya hesabu hiyo. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, kampuni moja ya Japani iliuza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, si agizo la tabibu. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti juu ya wanawake 16,741 wa Marekani, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Ilionekana kuwa waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na kuwa faida iliendelea kuongezeka mpaka kama hatua 7,500, kisha ikasimama. Basi bibi aendaye sokoni na kurudi kwa miguu kila siku asijidharau kwa sababu ya tarakimu ya kiooni.

Sasa twafikia jambo lililotufanya tuandike makala haya. Zauzwa madukani na katika mitandao saa ambazo wauzaji wake wadai kuwa zapima sukari ya damu bila kutoboa kidole. Mzee aliyechoka kujichoma kila siku, akiletewa saa hiyo na mwanawe, hufurahi, na huweka mbali kipimo chake cha hospitali. Enyi vijana, na enyi mlio na wazazi wenye ugonjwa wa sukari, sikieni neno hili vyema. Mwezi wa Februari mwaka 2024, Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo la wazi kuwa haijaidhinisha saa yo yote wala pete yo yote ipimayo sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Iwe ya bei kubwa au ndogo, onyo ni moja.

Msilichanganye jambo hili na kile kidude kinachobandikwa mwilini kwa uzi mwembamba uingiao chini ya ngozi, kinachopeleka hesabu zake kwenye simu au saa. Hicho hupima kweli, na saa ni kioo cha kusomea tu. Tunachokionya ni saa isiyounganishwa na kidude cho chote, kisha ikaandika tarakimu ya sukari. Hatari yake ni hii: ikisema sukari iko juu hali iko sawa, mgonjwa ataongeza insulini, na sukari ikishuka mno humpoteza mtu fahamu, na huweza kumwua kwa muda wa saa chache tu. Ikisema iko sawa hali iko juu, maradhi yatakula macho, figo na miguu yake kimya kimya. Mtoto aliyeileta hakukusudia ila wema. Lakini wema usio na maarifa umewahi kuzika wengi.

Yako mambo mengine mawili madogo. La kwanza ni siri za nyumba. Saa ifuatayo njia zako huziandika, na huenda zikaonekana na usiowajua. Mwezi wa Januari mwaka 2018 ilijulikana kuwa ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, iliyokusanya njia za wakimbiaji, ilionyesha hata kambi za askari katika nchi za vita. Ikiwa askari walifichuka, njia aipitayo binti yako kila alfajiri nayo yaweza kufichuka. Mwambieni afunge mlango huo katika simu yake. La pili, saa hii yaweza kuingia majini bila kuharibika, lakini ngozi iliyo chini yake haioshwi kwa kuwa saa haiogopi maji. Wakati wa udhu na ivuliwe, au isogezwe mpaka maji yafike pote. Na ngozi nayo itasalimika na upele wa jasho.

Basi ushauri wetu ni huu. Kijana apendaye kukimbia, na mzee aliyeambiwa na tabibu atembee, saa ya namna hii yaweza kuwafaa, maana huwahesabia na kuwakumbusha. Wasome humo hatua na mapigo ya moyo wakiwa wametulia. Kalori wazichukue kuwa ni kisio tu. Mapigo yakionekana ya ajabu kwa siku kadhaa, waende hospitali na wasijitibu kwa saa. Na kama iko nyumbani kwenu saa idaiyo kupima sukari, leo hii mwambieni mzee asiifuate, na mrudishieni mkononi kipimo chake cha kutoboa kidole. Kisha mwende naye kwa tabibu wake, mkamweleze ni siku ngapi alizokuwa akitumia dawa kwa kufuata saa hiyo.