USIKATE NYUZI ILI WAYA IINGIE



Liko jambo dogo kwa macho lakini kubwa kwa madhara, nasi twataka lizungumzwe katika kila karakana hapa Plateau na mjini Eldoret. Jambo lenyewe ni lagi, yaani kile kichwa cha shaba kinachotiwa mwishoni mwa waya nene ya stima ili ifungwe kwa bolti.

Fundi hupewa waya laini ya milimita mraba 70, na lagi iliyoandikwa 70. Namba ni sawasawa, lakini waya haiingii. Msimamizi husema, "Kata nyuzi chache, mashine izunguke." Fundi hukata, na hapo ndipo hatari huanza.

Sababu yake ni hii. Waya ya kawaida ya 70 huwa na nyuzi nene zipatazo 19. Waya laini ya kipimo hicho hicho ina nyuzi zaidi ya 300, kila uzi wapata nusu milimita. Shaba ni ile ile, lakini nafasi baina ya nyuzi ni nyingi, kwa hiyo fungu lote ni nene zaidi. Dawa yake si kisu. Wala si kuokota lagi kubwa kwa kubahatisha, maana waya italegea ndani. Dawa ni lagi iliyotengenezwa kwa ajili ya waya laini, yenye tundu pana na mdomo uliopanuka, hata usibaki uzi mmoja nje.

Waya laini haitumiwi kwa anasa. Hutumiwa penye kutikisika na kupindwa: kwenye mashine za kuchomelea, jenereta na mota. Hata injini ya dizeli ya garimoshi, kama zilizopita kwenye reli iliyofika Eldoret mwaka 1924, ni jenereta inayotembea. Stima yake ndiyo huzungusha mota za magurudumu. Katika mtikisiko kama huo waya ngumu huchoka ikakatika.

Sasa tupige hesabu. Kiungo kibaya chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya elfu ya omu, kikipitisha ampea 100, hutoa joto la wati 10. Kikipitisha ampea 200 hakitoi wati 20, bali 40. Joto hilo lote liko mahali padogo kama kidole gumba. Kiungo hulegea, joto huzidi, ganda la waya huungua. Nayo fyuzi haikatiki, kwa sababu fyuzi hupima stima inayopita, haipimi joto la kiungo.

Kwa hiyo kazi ifanywe hivi. Stima izimwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na waya ipimwe kwanza. Ganda livuliwe bila kukwaruza nyuzi. Waya ifike mwisho wa tundu. Ibanwe kwa kibano chenye meno yanayolingana na lagi ile. Nyundo si kibano. Kisha ivutwe kwa mkono kujaribu, na bolti ikazwe barabara.

Lakini fundi hawezi kubana kwa kibano asichopewa. Sanduku la swichi likiungua, swali la kwanza huwa, "Nani aliifunga waya hii?" Haliulizwi swali la pili, "Nani alikataa kununua lagi?" Sisi twaliuliza. Bei ya lagi haifanani na bei ya mota, wala na mkono wa mtu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatusaidia. Kifungu cha 14 chamtaka mfanya kazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa aionayo, na mwenye mahali pa kazi hana ruhusa ya kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi kila mwakilishi wa chama aandike barua, ataje mashine, waya na lagi inayotakiwa, na abaki na nakala. Neno la mdomo hukanwa, barua haikanwi.

Wazee walisema kamba hukatikia pembamba. Ndugu, tusikubali kuipunguza kamba kwa mikono yetu wenyewe, kisha tuulizwe kwa nini imekatika.