Toleo la Pili la Colin McRae: Gemu Tamu, Ila Barabara Haina Ng'ombe

Najua wapo ambao wakiona neno gemu wanafunua ukurasa unaofuata, wanasema hayo ni ya watoto. Tulia kwanza. Gemu ninalolizungumzia leo limeingia mpaka kwenye ndoa ya mdogo wangu, na kama nyumbani kwako kuna mtu anayependa usukani, basi na wewe limekuhusu.

Twende Rudewa, Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa na kibanda cha mabati chenye TV chogo moja, pleistesheni moja na jenereta lililopiga kelele kuliko gemu lenyewe. Unalipa, unacheza, ukishindwa unampisha mwenzio. Wengi walitaka mpira. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunasubiri wachoke ili tuweke letu, Colin McRae Rally 2.0.

Kwa wasiolijua, Colin McRae alikuwa dereva wa Scotland aliyechukua ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995. Kampuni ya Codemasters ya Uingereza ilitoa gemu la kwanza lenye jina lake mwaka 1998, na la pili likafuata mwaka 2000. La kwanza lilikupeleka New Zealand, Ugiriki, Indonesia na kwingineko, lakini Afrika hukuiona. La pili likaja na Kenya. Hapo ndipo sisi wa Rudewa tulipokamatika.

MAZURI YAKE

Zuri la kwanza ni hilo la Kenya. Vumbi jekundu, miti ya mwiba, barabara ndefu inayokwenda mpaka unahisi umeifika mbingu. Tulikuwa tunabishana kabisa kwamba hapa ni kama njia ya kwenda Dumila. Na hatukuwa tunajipendekeza. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na Peugeot 404. McRae mwenyewe alishinda Safari mara tatu: 1997, 1999 na 2002. Kwa hiyo jina lililo juu ya kasha la gemu ni la mtu aliyelila hilo vumbi kweli.

Zuri la pili ni jinsi gari linavyoshika njia. Kwenye theluji ya Sweden linateleza kama sabuni, kwenye lami ya Italia linang'ang'ania, kwenye changarawe unalivuta kwa hendibreki mpaka linakaa kimshazari ndiyo unakanyaga mafuta. Tena ukiligonga linaumia. Bati linabonyea, na ukizidisha linaanza kukuvuta upande. Magemu mengi ya wakati ule unagonga ukuta na gari linabaki jipya kama limetoka bandarini.

Zuri la tatu, ambalo kwangu ndilo babu kubwa, ni sauti ya Nicky Grist. Huyu ndiye alikuwa msoma ramani wa McRae, wakakimbia pamoja kuanzia 1997 hadi 2002, na kwenye gemu sauti ni yake mwenyewe. Anakutajia kona kabla hujaiona: namba 1 ni kona kali ya kutambaa, namba 6 ni ya kupita na moto wako. Anakwambia kuna kilima, kuna kona inayojifunga, hapa usikate.

Sisi Kiingereza kilikuwa kiduchu, na jenereta lilikuwa linammeza mzungu wa watu. Kwa hiyo tulipanga hivi: mdogo wangu anashika padi, mimi nabandika sikio kwenye spika ya TV na kumpigia kelele kwa Kiswahili. "Tatu kushoto! Usikate! Sita kulia, kanyaga!" Hakuna aliyetuweza pale kibandani. Hakuna!

MAPUNGUFU YAKE

Sasa tuseme ukweli, maana kusifia tu ni kazi ya wauzaji.

Kwanza, hatua zenyewe ni fupi mno. Dakika chache umemaliza. Safari ya kweli miaka ile ilikuwa na vipande vya zaidi ya kilomita 100 kwa mkupuo mmoja, magari yakifungwa ngao za chuma mbele na bomba la kuvuta hewa juu ili injini isinywe maji. Safari haikuwa ya mwenye mbio tu, ilikuwa ya mwenye subira. Subira hiyo gemu halina.

Pili, barabara ni yako peke yako. Hakuna lori linalokuja mbele yako, hakuna bibi mwenye mzigo wa kuni, hakuna ng'ombe. Safari ya kweli, mpaka ilipotoka kwenye mbio za ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ilikimbiwa kwenye barabara ambazo hazijafungwa. Ndiyo maana timu kubwa zilirusha helikopta juu ya gari kumtahadharisha dereva kuhusu wanyama na magari ya wananchi. Ukiondoa watu na mifugo kwenye barabara ya Afrika, umeondoa nusu ya barabara.

Tatu, kuanguka hakuumi. Ukitoka nje ya njia, gemu linakurudisha barabarani, umepoteza sekunde tu. Kisha unakwenda kwenye matengenezo, unachagua fundi aguse nini, unaendelea. Ukikasirika, unaanza upya.

Nne, na hili watu wengi hawalisemi, gemu linakupa msoma ramani aliyekwisha iva. Kwenye mbio za kweli haiendi hivyo. Kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani wanaipita njia taratibu. Dereva ndiye anayeangalia kona na kutamka ilivyo, mwenzie anaandika. Siku ya mbio anasomewa yale yale aliyoyasema mwenyewe akiwa ametulia. Kwa hiyo anayemsikiliza msoma ramani wake hajashushwa cheo. Anasikiliza makubaliano yao wawili. Hiyo kazi ya kukubaliana gemu limeiruka.

SASA TURUDI NYUMBANI

Mdogo wangu alikua, akaoa, akanunua pikipiki. Masika moja alikuwa anampeleka shemeji yangu sokoni Kilosa na tenga la nyanya. Barabara ilikuwa tope. Shemeji akamwambia, "Baba watoto, punguza, mbele maji yamekata njia." Jamaa akajibu jibu la wanaume wote: "Hii njia naijua."

Wakaenda chini. Yeye alichubuka mikono. Shemeji alivunjika mtulinga.

Mfupa uliunga. Lakini shemeji hakupanda tena pikipiki ya mumewe. Akitaka kwenda Kilosa, anatoka barabarani, anamsimamisha bodaboda mwingine na kumlipa. Fikiria, msomaji: mkeo anampa mtu baki nauli wakati pikipiki yako imeegeshwa mlangoni. Hakumtukana, hakumsema kwa wakwe. Alikuwa anapita tu na kijipochi chake. Mdogo wangu aliniambia, "Kaka, bora angenitukana."

Nilipokwenda kuwasalimia nilikuta amefufua pleistesheni ya zamani, anacheza Kenya yetu ile ile. TV ilikuwa imezimwa sauti kwa sababu mtoto amelala. Anaanguka kila kona. Shemeji akapita na beseni la vyombo, akasimama kidogo, akauliza, "Shemeji, si mlisema kuna mtu ndani anayemwambia kona?" Nikamjibu yupo, ila tumezima sauti. Akasema, "Basi ndiyo maana anaanguka," akaenda zake uani.

Mdogo wangu aliweka padi chini. Hakucheza tena usiku ule.

Kesho yake nilimweleza lile la dereva kutamka na mwenzie kuandika. Jumapili moja akamwomba mkewe watembee kwa miguu mpaka pale walipoangukia. Shemeji akamwonyesha alichokiona siku ile na tangu lini alikiona. Walipatana neno moja: akisema "tope", pikipiki inashuka gia, hakuna mjadala. Siku hizi anapanda, lakini mvua ikinyesha bado anatafuta gari. Mdogo wangu hamlazimishi. Imani iliyovunjika haina kitufe cha kuanza upya.

Na kwa akina dada, na ninyi mjifunze kwa Grist. Anasema mapema, anasema kwa kifupi, na kona ikishapita hasemi "si nilikwambia". Anataja inayofuata. Maneno mengi yanayokuja baada ya ajali hayajawahi kumwokoa mtu.

TUHITIMISHE

Matoleo mapya ya magemu ya mbio yana picha kali kuliko hili. WRC 9 ya mwaka 2020 ilikuwa na Safari ya Kenya hata kabla mbio zenyewe hazijarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Lakini ukikuta Colin McRae Rally 2.0 kwenye mashine ya zamani, usiiache. Naipa 8 kwa 10. Alama moja nimekata kwa ufupi wa hatua, nyingine kwa barabara isiyo na watu.

Colin McRae alifariki Septemba 15, 2007 kwa ajali ya helikopta kwao Scotland, pamoja na mwanawe wa miaka 5 na abiria wengine wawili. Bingwa wa dunia, na hakupata nafasi ya kurudia hatua. Nikilicheza gemu lake leo, naweka sauti juu.

Wewe je, kwenu nani anasoma ramani, na sauti yake umeiwasha au umeizima? Kabla ya kuniandikia mimi, muulize aliyekaa pembeni yako. Tukutane mwezi ujao.